Ada Hegerberg: Uchambuzi wa Namba Tisa Anayefika Kabla ya Mpira

Habari zenu watazamaji, karibuni tena kwenye chaneli yetu. Wengi mmezoea kuniona hapa na viatu vya mpira au jezi mezani. Leo tunamchambua mchezaji, na vigezo ni vilevile: anafanya nini vizuri, anakwama wapi, na nani atafaidika akimfuatilia. Mchezaji wetu ni Ada Hegerberg, straika wa Norway, yuko Lyon ya Ufaransa tangu 2014. Hakuna aliyenilipa kwa video hii.

Nianze na msimamo wangu kabisa: kwa kazi ya kufunga ndani ya boksi, mimi sijaona mwanamke aliyemzidi. Sasa twendeni kwenye ushahidi.

Budapest, 18 Mei 2019. Fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya kwa wanawake, Lyon na Barcelona. Dakika ya 5 Dzsenifer Marozsán anafungua. Dakika ya 14, Hegerberg. Dakika ya 19, Hegerberg. Dakika ya 30, Hegerberg tena. Mabao matatu ndani ya dakika 16, kwenye fainali, na mchezo umeisha kabla watu hawajaenda mapumziko. Mnigeria Asisat Oshoala aliingia akitokea benchi, akaifungia Barcelona la kufutia machozi dakika ya 89, ikawa 4–1.

Ukiitafuta mechi hiyo, naomba ufanye kitu kimoja: usiufuate mpira. Mfuate yeye. Mpira uko pembeni, kulia kwa Shanice van de Sanden au Lucy Bronze, kushoto kwa Amel Majri. Sisi sote macho yetu yako huko, na beki wa kati naye macho yake yako huko. Hegerberg anajua hilo. Anajificha nyuma ya bega la beki, upande ambao beki lazima ageuze shingo ili amwone. Akigeuza shingo, mpira unampotea. Akiuangalia mpira, Ada anampotea. Sasa winga anapoinua kichwa apige krosi, Ada anajifanya kama anakwenda nguzo ya mbali, hatua mbili hivi, beki anarudi nyuma kidogo, halafu anakata kwa kasi kuja mbele yake. Mpira unapofika, yeye ameshafika. Kilichobaki ni mguso mmoja.

Ndiyo maana mabao yake mengi ukiyaona kwenye vipande vifupi yanaonekana mepesi. Utasikia watu wanasema "hata mimi ningefunga lile." Ndugu yangu, usingekuwa pale! Kazi yote imefanyika sekunde tatu kabla, na kamera mara nyingi haikuwa kwake. Hili linaniuma sana kwenye soka letu, kwamba tunamsifia anayepiga chenga nne na kumpita kimya aliyejua pa kusimama.

Alikotoka. Kazaliwa Molde tarehe 10 Julai 1995, kakulia Sunndalsøra, mji mdogo magharibi mwa Norway. Wazazi wote wawili walikuwa watu wa mpira, na dada yake Andrine naye amecheza soka la kulipwa. Akiwa klabu ya Kolbotn mwaka 2011, ana miaka 16, alifunga matatu ndani ya dakika saba kwenye ligi kuu ya Norway. Mwaka uliofuata alikuwa Stabæk, akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 25. Akapita Potsdam ya Ujerumani, kisha Lyon.

Pale Lyon takwimu zake zinashangaza. Msimu wa 2017–18 alifunga mabao 15 ndani ya Ligi ya Mabingwa peke yake. Oktoba 2019 aliivunja rekodi ya mabao 51 ya Mjerumani Anja Mittag kwenye mashindano hayo, na alikuwa na miaka 24 tu. Leo ameshapita 60. Makombe ya Ulaya anayo sita: 2016, 2017, 2018, 2019, 2020 na 2022.

Hilo la 2020 alilitazama akiwa majeruhi. Januari mwaka huo kano ya mbele ya goti la kulia ilichanika mazoezini. Akiwa kwenye matibabu ya goti, mfupa wa mguu mwingine nao ukapata ufa. Alirudi uwanjani Oktoba 2021. Straika anayeishi kwa hatua mbili za haraka, kakaa nje zaidi ya miezi 20! Mimi nilishaanza kumwandikia buriani. Halafu ikaja Turin, 21 Mei 2022, fainali, Barcelona tena. Dakika ya 23, krosi ya Selma Bacha kutoka kushoto, Ada anaruka, kichwa, nyavuni, la pili kwa Lyon. Dakika ya 33 anampasia Catarina Macario, la tatu. Lyon 3–1. Rudia hicho kichwa polepole uone anavyoanza kukimbia kabla Bacha hajapiga.

Sasa upande wa pili, maana uchambuzi wa sifa tupu hauna faida kwenu.

Kwanza, Hegerberg anategemea sana watu wa pembeni. Hutamwona akichukua mpira katikati ya uwanja na kuwapangua watu mpaka golini. Mpe winga wazuri, atakulipa. Mnyime krosi, anaweza kupotea dakika 70. Huu ndio uhusiano ninaoutafuta kila Lyon wakicheza, na kwetu sisi wa ukanda huu kuna raha ya ziada, kwa sababu mwaka 2024 Lyon walimsajili jirani yetu Tabitha Chawinga wa Malawi. Kasi ya Chawinga pembeni, akili ya Ada ndani. Mnaweza kujaza wenyewe.

Pili, penalti. Euro 2025, yaani mashindano ya mataifa ya Ulaya, kule Uswisi alikuwa nahodha wa Norway. Mechi ya kwanza dhidi ya wenyeji akasawazisha, halafu akapata penalti, akaipiga nje. Norway wakashinda 2–1, yakapita. Robo fainali dhidi ya Italia, Geneva, penalti tena, nje tena. Dakika chache baadaye alisawazisha katika mchezo wa kawaida, ikawa 1–1, na hapo ndipo unauona moyo wa huyu mwanamke. Lakini Cristiana Girelli akafunga la pili dakika ya 90, Norway nje. Kwenye penalti simpi alama ya juu, nampenda lakini siwezi.

Tatu, na hapa nitakaa kidogo, ni timu ya taifa. Euro 2017 Norway walicheza mechi tatu, wakafungwa zote, bila bao hata moja. Baada ya hapo Ada akaiacha timu ya taifa. Wengi walisema ni hela. Desemba mwaka huohuo shirikisho la Norway na wachezaji walikubaliana malipo ya wanaume na wanawake yawe sawa, na wanaume wakakubali kukatwa kiasi chao ili iwezekane. Yeye hakurudi. Malalamiko yake yalikuwa ya jinsi soka la wanawake lilivyokuwa linaendeshwa na kuheshimiwa, na hilo halimalizwi na cheki.

Gharama ya uamuzi huo? Desemba 2018, Paris, anachukua Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia, ya kwanza kabisa ya wanawake. Tuzo hiyo wanaume walikuwa wanapewa tangu 1956. Anatoa hotuba, anawaambia wasichana wadogo duniani wajiamini. Halafu mshereheshaji, DJ Martin Solveig, anamuuliza kama anajua kukata viuno. Akajibu kwa neno moja: hapana. Jamaa aliomba radhi, na Ada mwenyewe alisema haikumharibia usiku wake. Ila mimi inanikera mpaka leo kwamba ukitafuta usiku ule, swali lile linakuja mbele ya mabao.

Miezi saba baadaye, 7 Julai 2019, fainali ya Kombe la Dunia. Inachezwa wapi? Lyon. Mji wake wa kazi, uwanja wa klabu yake. Marekani 2, Uholanzi 0. Mwenye Ballon d'Or hayumo kwenye mashindano kabisa, na Norway walikuwa wameishia robo fainali. Simlaumu. Alisema hatacheza mpaka mambo yabadilike, akasimamia neno lake mahali ambapo liliuma zaidi. Lakini mimi kama mtazamaji niliibiwa Hegerberg mwenye miaka 23, kwenye ubora wake, na ile miaka mitano hairudi.

Machi 2022 Lise Klaveness, mwenyewe mchezaji wa zamani wa timu ya taifa, akachaguliwa rais wa shirikisho, mwanamke wa kwanza. Mwezi huohuo Ada akatangazwa kurudi. Aprili dhidi ya Kosovo akafunga matatu. Msijenge picha ya hadithi tamu lakini. Julai England waliwapiga 8–0 kwenye Euro. Na Kombe la Dunia 2023, kabla ya mechi na Uswisi, aliimba wimbo wa taifa kisha akatoka uwanjani kabla filimbi haijapulizwa, kwa sababu ya jeraha.

Kwa hiyo nani amfuatilie? Binti unayecheza namba tisa na huna kasi ya ajabu, huyu ni wako. Kocha wa shule unayewafundisha wasichana kukimbilia mpira wote kwa pamoja, naomba uwawekee nusu saa ya kwanza ya Budapest. Kama wewe ni mpenzi wa chenga na mbwembwe, mtafute Mnorway mwenzake Caroline Graham Hansen, huyo atakukosha zaidi.

Alama zangu: kujipanga kumi, kumalizia kumi, kichwa tisa, penalti nne.

Kazi yenu wiki hii: tafuta mabao yale matatu ya Budapest, chagua moja, simamisha video wakati winga anainua kichwa. Niandikie kwenye maoni beki anaangalia wapi na Ada amesimama wapi. Nitachukua majibu matatu na kuyachora ubaoni kwenye video ijayo.