Gari ya familia yenye milango ya kuslaidi kwa bei ya kawaida: mpangilio wangu kutoka Noah mpaka Serena

Kama una watoto watatu, bibi yao anakuja kukaa miezi miwili, na kila Jumapili kuna watu wa kuwapa lifti kutoka kanisani, Toyota IST yako imeshakushinda na unajua mwenyewe. Hapo ndo wengi huku Bongo wanaanza kuulizia gari ya siti saba. Wish na Ipsum ni gari nzuri, sizikatai, ila mi nakwambia kama una watoto wadogo tafuta yenye milango ya kuslaidi. Angalia asubuhi pale wazazi wanaposhusha watoto shuleni, bodaboda wanapita kushoto na kulia, mtoto akifungua mlango wa kawaida anausukuma wote barabarani bila kuangalia. Huu wa kuslaidi unakaa ubavuni mwa gari, na hata ukiwa umebanwa paking mtu na kilo zake anatoka.

Hata Wajapani wenyewe hili wamelionyesha. Toyota mwishoni mwa 2008 walitoa Passo Sette, siti saba milango ya kawaida, ije ichukue nafasi ya Sienta. Haikununuliwa, Sienta ikasimamishwa 2010 na 2011 ikabidi irudishwe sokoni. Yaani mlango tu.

Kabla sijapanga majina, elewa kinachomaliza hela kwenye hizi gari. Si bodi wala siti, ni gia boksi na aina ya injini. Nyingi za miaka ya 2004 kuja juu zina CVT, yaani ndani kuna mkanda wa chuma unaozunguka kwenye puli mbili badala ya gia zile za otomatiki ya zamani. CVT inataka oili yake maalumu, na ndo hapo gari nyingi zinauawa huku kwetu, fundi anamwaga ATF (oili ya otomatiki ya kawaida) yoyote iliyopo dukani kwa sababu "oili ya gia ni oili ya gia", baada ya miezi kadhaa gari inaanza kutetemeka ikiondoka na mwenye gari anasema Nissan mbovu. Muulize anayeuza oili ya gia ilibadilishwa lini na iliwekwa ipi, akisita sita jua hajui, na wewe jiandae.

Kodi nayo ipige hesabu mapema kama unaagiza. Ushuru wa bidhaa kwa gari ndogo, injini iliyozidi cc 1000 mpaka cc 2000 iko kwenye 5% na ikizidi hapo ni 10%, afu gari ikifikisha miaka 8 ushuru wa uchakavu unaongezeka, ikipita 10 unapanda tena. TRA, mamlaka ya mapato, wana kikokotoo chao mtandaoni, weka modeli na mwaka uone mwenyewe usisubiri dalali akwambie. Walioko Kenya hawana uchaguzi huo maana gari iliyopita miaka 8 haiingii kabisa, kwa hiyo hizi za zamani nitakazotaja wao wanazipata zilizokwisha tembea hapo hapo nyumbani.

Sasa mpangilio wangu, na naupanga kwa mtu wa kawaida anayetaka gari itembee miaka mitano bila kumtia umaskini.

Namba moja naiweka Toyota Noah au Voxy ya 2007 mpaka 2013, ile chasi inayoanza na ZRR70. Noah na Voxy ni gari moja, tofauti ni sura ya mbele na taa. Milango ya kuslaidi iko pande zote mbili, watu wazima wanakaa mpaka siti ya nyuma kabisa bila magoti kugusa kidevu, na siti za nyuma zinakunjwa ubavuni ukitaka kubeba magodoro au mahindi. Injini ni 3ZR ya cc 1986, ya cheni, hakuna mkanda wa taiming wa kukukatikia njiani. Ila kuna 3ZR-FE na kuna 3ZR-FAE yenye Valvematic (mfumo unaobadilisha jinsi valvu zinavyofunguka), na mimi nachagua FE kwa sababu ule mfumo wa Valvematic ukifa kidhibiti chake ni hela ndefu na si kila fundi anauelewa. Fungua boneti, tafuta kile kibati cha Toyota, aina ya injini imeandikwa pale, usikubali kuambiwa kwa mdomo.

Usiichanganye na iliyotangulia, AZR60 ya 2001 mpaka 2007, ambayo madalali wanaiita Noah "new model" mpaka leo. Ile ina 1AZ-FSE, injini ya D-4 inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Ikiwa nzima inakimbia vizuri sana, tatizo inachagua mafuta, inajaza masizi kwenye njia ya hewa, na pampu yake ya presha ikianza kuvuja gari inawaka kwa shida asubuhi. Bei yake inavutia, nakubali. Kama utaichukua basi iwashe ikiwa baridi kabisa, yaani mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, shika boneti kwa mkono uone kama kweli ni ya baridi, afu sikiliza inavyotulia. Ikiwa sailensa, yaani mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama, inapanda na kushuka yenyewe, ondoka.

Namba mbili Sienta ya kwanza, ya 2003 mpaka 2015. Na hapa nasema wazi, familia nyingi zinazonunua Noah zingetosha kabisa kwenye Sienta. Hesabu watu wanaopanda kila siku, usihesabu wa Krismasi. Injini ni 1NZ-FE cc 1496, ile ile ya Raum, Probox na IST ya 1.5, kwa hiyo spea unazikuta Kariakoo, unazikuta Mbeya, unazikuta mpaka mji mdogo ambao hauna hata benki, na mafuta inakunywa kama gari ndogo tu. Siti ya tatu ni ya watoto, tusidanganyane, mtu mzima akikaa pale kutoka Dar mpaka Moro atashuka amekunjamana. Inazama chini ya siti ya kati ukiikunja na hapo buti inakuwa kubwa. Udhaifu wake iko chini, ikijaa watu saba inakwangua kwenye matuta, na mlima kama Kitonga utaupanda taratibu nyuma ya malori. Mtu wa vijijini barabara ya vumbi na mashimo, hii si yako.

Namba tatu Raum ya 2003 mpaka 2011. Ni ya siti tano, najua, ila kama mko watano na shida yako ni mlango tu, kwa nini ununue siti mbili ambazo hazikaliwi? Upande wa kushoto haina nguzo ya katikati, mlango wa mbele na wa nyuma ikifunguliwa unapata uwazi mmoja mkubwa, na sakafu iko chini. Kwa mzee anayeumwa magoti sijaona gari ya bei hii inayomfaa zaidi, anakaa kwanza halafu anaingiza miguu.

Toyota Isis ina wazo hilo hilo la nguzo kufichwa kwenye mlango, ila kwa siti saba, na naiweka ya nne. Chukua ya 1.8 (chasi ZNM10) uache ya 2.0 ya ANM10 kwa sababu ile ya 2.0 ni D-4 nayo. Kagua raba za milango ya kushoto, zikichoka vumbi la barabarani lote linaingia ndani na mvua pia, na angalia kama injini inakula oili, vuta kijiti uone kiasi kabla ya majaribio na baada.

Honda Stepwgn ya 2005 mpaka 2009 ningeipandisha zaidi kama tungekuwa na spea za kutosha. Sakafu yake ni ya chini, nafasi kubwa, na ile RG1 ya 2.0 haina CVT, ina otomatiki ya kawaida. Kama uko Dar na una fundi wa Honda unayemwamini, chukua. Nje ya hapo utakuwa unasubiri spea itoke Dar kwa basi.

Nissan Serena naiweka mwisho na najua wenye nazo watanuna. Ndani ni sebule, siti nane, ile siti ndogo ya katikati inasogea mbele ikawa meza. C25 ya 2005 mpaka 2010 ina injini nzuri tu, MR20. Kinachoishusha ni CVT pamoja na tabia yetu ya oili niliyoisema juu. Ndo maana unazikuta bei rahisi kuliko Noah ya mwaka huo huo. Alphard na Estima za 2.4 sizipangi kabisa maana cc zimepita 2000, kodi na mafuta vinaitoa kwenye bei ya kawaida.

Noah ya zamani, ile SR40 yenye injini ya 3S chini ya siti za mbele, mlango wa kuslaidi ni mmoja tu wa kushoto. Gari ngumu, kila fundi anaijua, ila nyingi zimebeba abiria. Noah yoyote unayouziwa, kagua hilo. Pitisha macho ubavuni kwa mshazari ukiwa juani, ule mstari wa rangi wa daladala hata ukipakwa juu yake kingo zake huonekana. Inua kapeti utafute matundu ya bolti za siti za kuongeza. Kadi ya gari nayo itakwambia kama ilisajiliwa ya biashara.

Na mlango wenyewe, ambao ndo sababu ya kununua, watu hawaukagui. Paki kwenye mteremko, gari ikiangalia chini, fungua mlango mpaka mwisho uuache. Lazima ujishike wenyewe. Ukirudi peke yake, loki imechoka na siku moja utambana mtoto vidole. Kisha inama uangalie reli ya chini na ile ya katikati ya ubavuni, kuna kigurudumu kidogo kinachobeba mlango wote, kikilika mlango unashuka na unaanza kukwaruza bodi pale nyuma. Kama ni wa umeme, fungua na ufunge mara nyingi mfululizo kwa swichi ya dashibodi, kwa kitasa na kwa rimoti. Ukisikia inakwaruza kama waya unaosagika, ule waya unakaribia kukatika. Wauzaji wengine wanazima swichi kuu ya mlango pale karibu na stelingi wakwambie "huu ni wa mkono tu", ibonyeze mwenyewe. Na kwenye baadhi ya gari mlango wa upande wa tenki unakataa kufunguka kifuniko cha mafuta kikiwa wazi, huo si ubovu.

Kilomita za kwenye dashibodi usiziamini peke yake. Kama inatoka Japani omba karatasi ya mnada, daraja R au RA maana yake ilipata ajali ikatengenezwa. Kama iko hapa tayari, tafuta stika za Kijapani kwenye fremu ya mlango wa dereva au chini ya boneti, za kubadilisha oili, tarehe na kilomita zipo kwa tarakimu za kawaida. Stika ikisema 98,000 na dashibodi inasema 74,000 maongezi yameisha.

Mwisho makaratasi. Jina la kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha anayekuuzia, uione kadi halisi mkononi si picha ya simu, maana kadi nyingi ziko kwa wakopeshaji. Angalia madeni ya faini za trafiki kwa namba ya gari, andikishaneni mkataba mbele ya mwanasheria, na ubadilishe umiliki TRA wiki hiyo hiyo. Kwenye bajeti yako toa kabisa hela ya oili ya injini, oili ya gia, filta, plagi na taili kabla hujaanza kupatana bei.