Gemu ikiganda nyumbani, usikimbilie kuongeza kifurushi

Nyumbani kwetu Mwanga, hapa Kigoma, rauta ni moja na watumiaji ni sita. Saa mbili usiku niko dakika ya 80 kwenye eFootball, naongoza goli moja, mara beki wangu anaanza kukimbia papo hapo kama aliyekwama kwenye tope. Picha iliporudi, nilishafungwa. Chumba cha pili mdogo wangu alikuwa anapandisha video ya harusi kwenye status. Mama, ambaye ndiye analipia intaneti, akaniambia, "Si uongeze kifurushi, mwanangu?" Nikaongeza. Gemu ikaendelea kuganda vilevile.

Gemu ya mtandaoni inakula data kidogo sana, kwa kawaida haifiki hata Mbps 1. Kinachoiua ni foleni. Video inajaza njia, na vile vipande vidogo vya gemu vinasubiri nyuma yake kama bodaboda nyuma ya lori la mawese kwenye barabara nyembamba. Ukipanua kifurushi, mara nyingi lori nalo linaongezeka ukubwa.

Pima kabla ya kutoa hela. Kwenye kompyuta ya Windows fungua ile programu ya amri (Command Prompt), andika ping 8.8.8.8 -t, utaona namba za milisekunde zikijiandika mstari kwa mstari. Hiyo ndiyo ping: muda wa ujumbe kwenda na kurudi. Mwambie mtu apandishe video. Namba zikiruka kutoka 80 hadi 500, tatizo lako ni foleni. Zikiyumba hata wenzako wote wakiwa wamelala, sogea karibu kabisa na rauta. Zikitulia, tatizo ni wifi. Zikiyumba hata ukiwa umechomeka waya na nyumba imelala, basi shida iko kwa kampuni inayokuuzia intaneti, na dukani hakuna dawa yake.

Kama dawa ipo dukani, hivi ndivyo ningenunua, kwa mpangilio. Namba 1: waya wa intaneti. Hapa ndipo ningeweka shilingi yangu ya kwanza, hasa kama unacheza kwa PS4. Zile PS4 za mwanzo, nene, zinazouzwa mitumba, wifi yake ni ya 2.4 GHz tu, masafa ambayo mtaa mzima unagombania. Waya wa daraja la Cat5e unabeba hadi Gbps 1 kwa mita 100, kwa hiyo usikubali kuuziwa wa bei kubwa zaidi kwa ajili ya gemu. Angalia ndani badala ya nje: omba muuzaji akate kipande, ukwangue waya mmoja kwa wembe. Ukiwa mwekundu hadi ndani, ni shaba. Ukiwa mweupe, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Ukiukunja mara chache kwenye kona ya mlango unakatika. Mimi niliuziwa huo mweupe, nikamlaumu fundi wa watu wiki nzima. Pima urefu kwa kamba kutoka kwenye rauta, ukifuata ukuta, kisha ongeza mita mbili. Wa simu nao wanaweza kutumia waya: kuna kidude cha USB-C chenye tundu la intaneti, na simu nyingi za Android zinakipokea.

Namba 2: rauta inayojua kupanga foleni. Ndiyo tiba halisi ya nyumba yenye watu wengi, nimeiweka ya pili kwa sababu ya bei na usumbufu wa kuiseti. Tafuta yenye SQM, yaani uwezo wa kupanga foleni, au inayokubali OpenWrt, programu ya bure ya rauta yenye uwezo huo. MikroTik, zile wanazotumia wauza vocha za wifi mitaani, zikiwa na RouterOS 7, programu yake ya ndani, zina CAKE na fq_codel, mbinu mbili za kupanga foleni. Na fundi wa kuziseti utampata kwa hao hao wauza vocha. Unaiwekea kikomo, tuseme asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyopima, ya kupandisha na ya kushusha. Unapoteza kasi kidogo, lakini foleni inahamia kwenye rauta yako, na rauta inaipitisha gemu mbele. Kama intaneti yako ni ya laini ya 4G, pima jioni wakati mtandao umelemewa, maana kasi ya asubuhi itakudanganya. Neno QoS kwenye boksi, yaani ahadi ya kuipa gemu kipaumbele, lisikutie wazimu. Rauta nyingi za bei ya chini zinalo na halifanyi kitu cha maana.

Namba 3: rauta yenye wifi ya 5 GHz. Inafaa ukicheza kwa simu chumba kile kile ilipo rauta. Ukuta mmoja wa tofali za kuchoma inavuka kwa shida, wa pili sahau.

Namba 4: UPS ndogo ya rauta, yaani betri ya kuishikilia umeme ukikatika. Haipunguzi kuganda, ila umeme ukipepesa sekunde moja rauta huchukua dakika nzima kuamka, na mechi imekwisha. Linganisha volti na zilizoandikwa kwenye adapta yako, nyingi ni 12 au 9.

Repita ya kuchomeka ukutani, ile ya kusukuma wifi mbali zaidi, naiweka ya mwisho kabisa. Inaongeza vijiti vya wifi, lakini zile za bei ndogo zinapokea na kutuma kwa masafa yale yale, kwa hiyo unanunua ucheleweshaji juu ya ucheleweshaji.

Umbali nao haununuliki. Mwanga ndani ya nyaya za faiba hukimbia kama kilomita 200 kwa milisekunde. Kutoka hapa hadi Dar kwa njia ya reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Kwenda na kurudi tu ni milisekunde 12, na bado hujagusa bahari. Seva ikiwa Ulaya, ping chini ya 100 usiitarajie. Gemu ikikuruhusu kuchagua eneo, jaribu Afrika Kusini kwanza.

Mdogo wangu bado anapandisha video saa mbili usiku. Siku hizi simfuati chumbani.