Blogu, magrupu au mitandao: ukitaka sehemu ya kujadili mtandaoni, hela yako uiweke wapi kwanza

Wakuu, kila baada ya muda kuna mtu anauliza: nina watu wangu mia, mia mbili, tunataka sehemu ya kujadili mambo yetu ya ufugaji, au ya vitabu, au ya mtaa wetu, tufungue blogu, tufungue grupu la WhatsApp au tuhamie Facebook? Na majibu anayopewa ni ya kishabiki, kila mtu anatetea pale anaposhinda yeye. Nimeamua niziweke zote hapa kwa mpangilio wa ipi ningemshauri mtu atoe hela yake kwanza, na nikisema hela nahesabu vyote, domeini (jina la tovuti, kama la .com), hostingi (sehemu ya kuitunzia tovuti mtandaoni), bando la kila siku na muda wa yule atakayekuwa admini, maana hivyo vinavyoitwa vya bure navyo unavilipia, ila unalipa kidogo kidogo mpaka hushtuki.

Kipimo changu ni kimoja. Mtu akiuliza swali leo akajibiwa vizuri, je mwenye swali hilohilo mwakani atalikuta lile jibu bila kumsumbua mtu?

Chukua mfano wa kuku, maana magrupu ya wafugaji yapo kila kona. Mtu anatupia video, kuku kapinda shingo, anaharisha kijani, wawili washakufa usiku. Dakika tano tu majibu kumi, mmoja anasema mpe antibiotiki, mwingine anasema shubiri na pilipili, afu anatokea mtaalamu wa mifugo anaandika kwa kirefu kabisa kwamba dalili hizo zinafanana sana na kideri, kideri kinaletwa na kirusi kwa hiyo antibiotiki haikitibu, wanaoumwa watenge, mzoga usiutupe hovyo, muite mtu wa mifugo awaone, na kundi lijalo chanja mapema, ile chanjo ya I-2 ni tone moja kwenye jicho la kila kuku na unarudia kila baada ya miezi mitatu. Jibu zuri, limekamilika, bure. Sasa rudi ukalitafute baada ya siku tatu. Limefunikwa na picha za asubuhi njema, mtu anauza vifaranga, mwingine anachangisha harusi, na wiki inayofuata anaingia mwanachama mpya na video ileile, shingo imepinda vilevile, yule mtaalamu safari hii kachoka hajibu, na wa antibiotiki ndo anasikilizwa. Kuku wanakufa wakati jibu limo humohumo kwenye simu za watu. Hilo linaniuma kweli, na ndiyo sababu ya mpangilio huu.

Ya kwanza: blogu yenye domeini yako mwenyewe

Hii ndo ningelipia kabla ya kitu kingine chochote. Na huhitaji hela nyingi kama watu wanavyodhani. Fungua Blogger, huduma ya kutengeneza blogu, ni ya Google tangu 2003, hostingi hulipi hata senti, halafu nunua domeini tu uiunganishe. Domeini ya .com inacheza dola 10 mpaka 15 kwa mwaka, za .co.tz nazo zinauzwa na mawakala wa hapa nyumbani kwa shilingi zetu, unalipa kwa simu, hakuna mambo ya kadi ya benki. Kwa mtu anayeanza, hapo hapana haja ya kuongeza kitu.

WordPress, programu nyingine ya blogu, ya kuhosti mwenyewe ni nzuri zaidi kwa mjadala, komenti zinapangika vizuri, mtu anamjibu mtu chini ya komenti yake, na spamu unaichuja kwa programu-jalizi. Ila hapo unaingia kwenye hostingi, na hostingi ina mtego mmoja ambao watu wanauona mwaka wa pili: ile bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa juu ni ya mwaka wa kwanza, ukija kulipia tena inaweza kuwa mara mbili na kuendelea. Kwa hiyo kabla hujalipa tafuta bei ya kuhuisha, mara nyingi imeandikwa kwa herufi ndogo chini, hiyo ndo bei yenyewe. Pia uliza bakapu (nakala za akiba) zinafanyika kila baada ya muda gani na kama unaweza kuzishusha kwako.

Uzuri wa blogu ni kwamba kila swali linakuwa na ukurasa wake na anwani yake. Lile jibu la kideri linakaa juu, tarehe imeandikwa, wenye uzoefu wanaongeza chini, mtu wa Singida anauliza je nikikosa I-2 huku nifanyeje, mwingine anamjibu, na wewe mwenye blogu unarudi kuweka yale majibu mazuri kwenye makala yenyewe. Mwaka ukipita mtu anaandika Google "kuku kupinda shingo" na anafika pale, hajui hata kama kuna grupu. Yule mtaalamu aliandika mara moja.

Wabongo tumeshaifanya hii, siyo kitu kigeni. Ndesanjo Macha na Jikomboe yake alikuwa anaandika kwa Kiswahili zama ambazo wengi hatukujua blogu ni nini, Issa Michuzi akafungua yake 2005, na komenti za enzi zile watu walikuwa wanabishana aya kwa aya, mtu anajibu hoja ya tatu anarudi hoja ya kwanza. Siyo emoji ya moto na kupita.

Udhaifu wake upo na lazima niuseme. Watu hawaji wenyewe. Mtu kanunua bando la mitandao ya kijamii, WhatsApp na Facebook zinafunguka, akibonyeza linki ya blogu yako anaambiwa salio halitoshi, kwa hiyo hasomi, na siyo kwamba kadharau. Ndo maana blogu ya watu wetu iwe nyepesi, maandishi, picha moja ndogo, hakuna video inayojicheza yenyewe. Ukurasa ukiwa mwepesi mtu atakopa hata MB chache akasome, ukiwa na matangazo yanarukaruka hatarudi tena.

Na kwa Tanzania kuna suala la leseni, hili msilipite juu juu. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye blogu wajisajili TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ada ya maombi laki moja, leseni milioni moja na kila mwaka milioni nyingine, na adhabu ikianzia faini ya milioni tano au kifungo cha miezi 12. Blogu nyingi zilizimika mwaka ule. Kanuni zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022, kwa hiyo kabla hujalipia domeini ingia tovuti ya TCRA au wapigie kabisa, waeleze utaandika nini, waulize unaangukia kundi gani na ada yake leo ni ngapi. Blogu ya kuku na blogu ya habari na siasa haziko sawa mbele ya kanuni, usikubali kuambiwa na fundi wa tovuti kwamba "hiyo haina shida".

Ya pili: majukwaa yenye nyuzi

Nazungumzia kama JamiiForums, ilianza 2006 ikiitwa JamboForums, watu wanafungua uzi, yaani mada na majibu yake yote chini, uzi unakaa, unaonekana Google, unafufuliwa baada ya miaka mitano na mjadala unaendelea palepale. Kwa kipimo changu hii inafaulu vizuri sana. Halafu unaandika kwa jina la bandia, na wenye jukwaa lile walionyesha kwamba wanalilinda hilo, mwanzilishi wake Maxence Melo alikamatwa Desemba 2016 na kesi mojawapo ilikuwa ni kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji. Hela unayotoa ni bando tu.

Kwa nini basi siyo ya kwanza? Kwa sababu siyo yako. Septemba 2025 TCRA ilisimamisha leseni yao kwa siku 90, na wewe uliyekuwa na uzi wako mzuri wa miaka kadhaa huna cha kufanya zaidi ya kusubiri. Kwa hiyo andika pale, ila nakala ya kila ulichoandika kwa akili yako ibaki kwako.

Ya tatu: Telegram

Grupu linachukua mpaka watu laki mbili, mwanachama mpya anaweza kusoma ya nyuma yote kama admini karuhusu, unaweza kugawa mada, kuku wa mayai huku, chanjo kule, masoko kule, na ukitafuta neno unalipata. Namba ya simu unaweza kuificha, kitu ambacho kina mama wengi kwenye magrupu wanakihitaji maana kuna watu wakiona namba tu wanaanza kusumbua inbox. Shida yake watu wetu wengi hawapo, na bando za mitandao siyo zote zinaijumuisha. Kenya nako imewahi kubanwa wakati wa KCSE, mitihani yao ya kumaliza sekondari, Novemba 2023 na tena 2024, kisa wauzaji wa mitihani feki.

Ya nne: grupu la Facebook

Watu wapo, hiyo ndo nguvu yake. Komenti zina mpangilio kiasi, na kuna sehemu ya kutafuta ndani ya grupu ingawa inakupa vitu nusu nusu. Ila nani aone nini anaamua Facebook, posti ya swali la maana inaweza kuonekana na watu wachache wakati posti ya ugomvi inawafikia wote. Ukiwa na peji badala ya grupu ndo kabisa, utajikuta unalipia tangazo ili wafuasi wako wenyewe wakuone. Kama unalazimika kuwa huku weka maadmini wawili au watatu wenye akaunti zilizofungwa kwa uthibitisho wa hatua mbili, maana akaunti ya admini ikidukuliwa grupu lote linageuka la kuuza mikopo ya uongo.

Ya tano: WhatsApp

Najua wengi mtanuna. Grupu mwisho watu 1,024, mpya akiingia kwa kawaida hana ya nyuma, namba za wote zinaonekana, Google haiingii humo. Na simu ikiibiwa au ikijaa historia yako imekwenda kama hukuwa na bakapu. Kwa kuitana haina mpinzani, msiba, kikao, bei ya pumba leo, hapo iacheni ifanye kazi yake. Nachoshauri ni hiki: swali la maana likiulizwa kwenye grupu likajibiwa vizuri, admini amuombe ruhusa aliyejibu, alichukue lile jibu aliweke kwenye blogu jioni ileile, halafu linki aibandike kwenye maelezo ya grupu ambayo kila anayeingia anayaona. Kazi ya dakika 20. Mkifanya hivyo kwa maswali kumi tu yanayojirudia mtaona grupu lenyewe linavyotulia.

Ya sita: X (zamani Twitter)

Kwa kubishana hoja za nchi imekuwa na nguvu kubwa, Wakenya Juni 2024 kwenye Muswada wa Fedha walikuwa wanachambua vifungu humo na Spaces, vikao vyake vya sauti, zinajaa watu usiku kucha. Lakini hoja inakatwakatwa vipande vya herufi 280, ukitaka ndefu unalipia kila mwezi, Space ikiisha imeisha kama mwenyeji hakurekodi. Na kwa aliye Tanzania, tangu ilipofungwa Mei 2025 unahitaji VPN (programu ya kupita kizuizi cha mtandao), na VPN nazo TCRA walitoa agizo Oktoba 2023 zitolewe taarifa. Kujenga mjadala wa watu wako juu ya hapo siwezi kukushauri.

Instagram na TikTok nimeziweka mwisho kwa pamoja, linki kwenye maelezo ya posti Instagram haibonyezeki, komenti zinazama, ni sehemu za kutangaza kwamba mjadala upo mahali fulani, basi.

Kuna anayesema mitandao mikubwa haiwezi kupotea. Google+ ilifungwa Aprili 2019 na ilikuwa ya Google. Yahoo Groups walifuta mijadala ya watu ya karibu miaka 20 na Desemba 2020 wakafunga kabisa. MySpace walipoteza nyimbo ambazo watu walipakia miaka yote kabla ya 2015. Ukiwa na fremu ya kupanga mwenye nyumba akiamua kuvunja anavunja, na hawa hata notisi yao wengi hawakuiona.

Sasa ukiamua kwenda na ya kwanza, mambo machache ya siku ya kulipa. Domeini iandikishwe kwa jina lako na baruapepe yako, siyo ya fundi, nimeona vikundi vimeshindwa kuhama kwa sababu aliyewatengenezea tovuti kabadilisha namba na yeye ndo mmiliki kwenye karatasi. Kama ni ya kikundi, tumieni baruapepe ya kikundi na nywila wajue viongozi wawili. Lipia miaka miwili kwa mkupuo kama hela ipo, maana domeini ikiisha muda na mkachelewa mtu mwingine anaruhusiwa kuinunua na jina lenu likaanza kuuza kamari. Weka ukumbusho kwenye simu mwezi mmoja kabla. Komenti ziweke za kupitishwa kwanza, angalau miezi ya mwanzo, na uzipitishe ndani ya siku hiyohiyo, mtu akiandika komenti akakaa wiki haijatokea anaona amedharauliwa. Na kila mwisho wa mwezi shusha bakapu, Blogger ipo kwenye mipangilio, inatoka faili, jitumie kwenye baruapepe na mpe na katibu nakala.