Kisu cha kambi kilichonivunjikia Engare Sero, na majibu niliyopewa dukani

Ukitaka kununua kisu cha kambi, kile kisichokunjwa, chenye ala ya kuvaa kwenye mkanda, kitu cha kwanza muulize muuzaji msuka, yaani mkia wa bapa unaoingia kwenye mpini, unaishia wapi. Usihangaike na urefu wala aina ya chuma, hayo yameandikwa kwenye boksi na kwenye boksi mtu anaandika chochote anachotaka. Msuka hauonekani, umejificha ndani ya mpini, na hapo ndipo wanapotuibia.

Mimi ni mpishi wa safari, napika kwenye kambi za mahema, Natron, Longido, Eyasi huko. Kisu nilikinunua muda kidogo umepita kwenye duka moja la vifaa vya kambi hapa Arusha, jina naliacha. Kwa kweli nilikipenda aisee, kimekaa vizuri mkononi, mpini wa mpira mweusi na vichwa viwili vya ribiti, zile pini za kubana mpini na msuka, pembeni, na jamaa akanihakikishia kwa mdomo wake kwamba msuka umefika mpaka mwisho wa mpini, akatoa na simu akanionyesha video mtu anapasua gogo kwa kisu. "Bosi wangu, hiki utamwachia mwanao."

Sasa tupo Engare Sero chini ya Oldoinyo Lengai. Ule mlima watu hawaupandi mchana, jua la kule ni kali mno na kivuli hakuna, mnatoka kwenye saa sita usiku ili alfajiri muwe juu, kwa hiyo saa tano chai na uji viwe vimeshaiva. Usiku huo regulita ya gesi ikaanza kuvuja, nikafunga mtungi, nikasema tunawasha kuni. Kuni tulizonunua kijijini zilikua nene na shoka lilikua limeondoka na gari lingine, nikafanya kazi ambayo kisu cha kambi kinatengenezwa kuifanya, unaweka makali juu ya ukuni, unagonga mgongo wa kisu na kipande cha mti, ukuni unapasuka unapata vijiti vya kuwashia. Nimegonga mara chache tu, pa! Mpini umebaki mkononi, bapa limeruka likapita pembeni kabisa ya goti la chalii anayenisaidia jikoni. Yule ni mtoto wa dada yangu, nimemchukua mwenyewe kwao Usa River nimfundishe kazi. Ningempigia dada nimwambie nini?

Nikamulika ndani ya mpini kwa tochi. Msuka ni kipande chembamba kama msumari, hata nusu ya mpini hakijafika, na pale bapa linapokutana na msuka wamekata kona kali badala ya kuacha mviringo, chuma kinaanza kupasuka hapo hapo, fundi yeyote wa chuma atakwambia. Na zile ribiti? Zimegundishwa juu ya mpira tu! Hazijashika chochote, ni pambo! Mtu alikaa kiwandani akafikiria jinsi ya kunifanya niamini kuna chuma mahali ambapo hakuna chuma.

Chai ilipatikana, mlinzi wa kambi alinipa panga lake, wageni wakapanda.

Nikarudi dukani na vipande vyote viwili kwenye mfuko. Siku ya kununua nilikua bosi wangu karibu kiti, siku hiyo nikawa "we mzee". We mzee kisu ni cha kukatia, kuni zinapasuliwa kwa shoka. Nikamwambia si wewe ulionionyesha video hapa hapa? Akajibu, "Ile ni video." Nikamweleza habari ya goti la mtoto, hakusema pole. Hela sikudai kwa nguvu, nilikua nasubiri pole tu, na jamaa akanipa mgongo akaenda kwa mgeni mmoja Mzungu akamshushia kisu kile kile kutoka rafu ile ile. Nilimwambia yule mgeni pale pale, kwa Kiingereza, angalia hiki kilichovunjika. Nikatolewa nje.

Msuka mwembamba peke yake sio dhambi, naomba nieleweke. Ka-Bar, kile kisu cha wanajeshi wa Marine wa Marekani, kipo tangu 1942, msuka wake ni mwembamba ila unapita katikati ya mpini wa ngozi mpaka nyuma na unafungwa na kofia ya chuma. Guide mwenzangu aliachiwa na mgeni Mora Companion, kile kisu cha Sweden cha mpini wa plastiki, na chenyewe msuka wake haufiki mwisho, lakini hakuna aliyemdanganya kwamba unafika. Anakatia nyama, kamba, anachonga vigingi vya hema, haujacheza hata kidogo. Kuni nene haigongi.

Nilikua nimeshaamua kuandika hapa kwamba achaneni na visu vya madukani vyote, nendeni Mamba karibu na Marangu kwa wahunzi wa Kichaga. Wale wazee walikua wanawafulia Wamasai mikuki, na siku hizi chuma ni springi za magari. Nimekwenda na nimechukua kisu kwao, na raha yake ni kwamba msuka unauona kwa macho kabla haujaingia kwenye mpini, unasema ongeza, wanaongeza. Nimepasulia kuni mpaka nimechoka mimi. Ila jikoni kinanitesa, bapa nene, nyanya inapondeka, na masika ukilala bila kukipaka mafuta asubuhi kina kutu, mgeni akiiona karibu na nyama hali. Basi cha mhunzi kwa kuni na Mora kwa nyama, ndio nilivyokua nataka kumalizia.

Lakini hapana, kwa nini nibebe viwili wakati kisu kimoja kinaweza kufanya yote? Hao hao wa Mora wana kinachoitwa Garberg, msuka umepita mpini mzima, chuma kinatokeza nyuma unakiona. Kama kuna mtu anajua anayeuza cha kweli Arusha au Moshi aniambie, nitafungua boksi mwenyewe, nikiona kile chuma nyuma ya mpini nalipa hapo hapo bila kubishana bei. Na huyo muuzaji awe anajua kusema pole.