Taa za uani kwangu Nyamasaria: mafundi wawili, mtaro mmoja

Nilitaka taa nne tu: mbili langoni, moja kando ya tangi la maji, moja chini ya mwembe. Fundi wa kwanza alimaliza kwa siku moja, nami nikamsifia kwa majirani. Mvua za Machi zilipoanza, kila jioni meinswichi ikawa inajiangusha, nyumba nzima giza. Mama mkwe alidhani tokeni za stima zimeisha.

Wa Kisumu wanaujua udongo wetu mweusi. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, mvua ikija unafura. Bwana yule alikuwa amefukia waya bapa, ule wa ndani ya nyumba, kina cha kiganja tu, ndani ya paipu zisizogundishwa. Udongo ulizivuta zikaachana. Fundi wa pili alipochimbua chini ya mwembe akatoa kiungo: nyaya zimesokotwa, zikazungushiwa tepu nyeusi, ndani matope matupu, shaba imegeuka kijani. Alinionyesha bila kusema neno. Pale ndipo mtoto wangu huchezea.

Huyu wa pili alitoa leseni yake ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, kabla sijamwuliza. Alichimba mtaro wa nusu mita, akatandaza mchanga, akalaza kebo iliyovikwa nyuzi za chuma, mchanga tena, halafu utepe wa manjano wa tahadhari ili atakayechimba siku zijazo ashtuke mapema. Hakuna kiungo hata kimoja ardhini. Vyote viko kwenye visanduku juu ya nguzo, kebo ikiingilia kwa chini ili maji yasiifuate. Kila nguzo aliiachia kebo ya ziada, udongo ukisogea isikazike. Taa za nje zina swichi yake, ya kukata stima ikivuja miliampea 30, kwa hiyo zikileta shida friji haizimiki.

Bei iliniuma: kebo pekee ilizidi malipo yote ya yule wa kwanza. Tena alichelewa siku mbili na kumwaga kifusi juu ya sukumawiki zangu, pole hakusema. Lakini balbu za manjano alizonishauri zimepunguza wale wadudu wa ziwani ukutani, na Aprili yote swichi haijaanguka.

Taa ya mwembeni nimeizima mwenyewe. Kuku walikataa kulala.