Kipimo cha vinasaba kwa mafahali wa Boran: nilicholipia na nilichopata

Mwaka uliopita nilipeleka kwenye maabara moja ya ng'ambo sampuli za mafahali wachanga 14 wa Boran, ng'ombe wa nyama wenye nundu, kutoka malisho yetu ya Laikipia, nikitaka kujua yupi abaki kuwa mbegu na yupi auzwe. Kuchukua sampuli si kazi: unang'oa nywele za mkia pamoja na mizizi yake, unazibandika kwenye kadi, kisha unaandika namba ya hereni.

Maabara husoma alama zaidi ya 50,000, yaani sehemu ndogo ambapo vinasaba hutofautiana kati ya mnyama na mnyama, zilizotapakaa katika vinasaba vyake, na kukokotoa ubora anaotarajiwa kuwarithisha watoto wake, kama vile uzito au ulaini wa nyama. Njia hii, iliyoelezwa na watafiti Meuwissen, Hayes na Goddard mwaka 2001, haitafuti jeni moja kubwa, bali hujumlisha athari ndogondogo za alama zote, na uzuri wake ni kwamba ndama hupata makadirio kabla hajapanda jike hata mmoja.

Kasoro ilikuwa kwenye ripoti. Fahali aliyeongoza orodha ndiye aliyekuwa karibu na mkia kwenye mizani yetu siku ya kuachishwa kunyonya. (Mizani nayo hudanganya, kwa kuwa ndama wa mama mwenye maziwa mengi huonekana bora kuliko alivyo.) Nilipouliza, nikajibiwa kwamba hesabu zao zimejengwa juu ya kumbukumbu za Angus na Hereford. Alama si jeni lenyewe, ni jirani yake tu, na ujirani uliothibitishwa kwa ng'ombe wa Ulaya hauwezi kuchukuliwa kuwa upo vilevile kwa ng'ombe wa nundu, ambao nasaba yao ilitengana na hiyo zamani mno. Jambo hilo lilipaswa kuelezwa kabla ya malipo.

Kilichonifaa zaidi ni uthibitisho wa wazazi: ndama 3 walikuwa wameandikwa kwa baba asiye wao, kwa sababu tulikuwa tumeacha mafahali 2 katika kundi moja. Kwa huduma hiyo nitalipa tena, ingawa kipimo chenye alama chache, na cha bei nafuu, kingetosha. Kwa upangaji wa ubora sitalipa hadi zipatikane kumbukumbu za uzito za Boran wengi waliosomwa vinasaba.

Yule fahali wa kwanza sikumuuza. Nimemwachia mitamba 20, na ndama wao watapandishwa kwenye mizani ileile.