Huduma ya kuwaandikia wabunge wa jimbo kuhusu umeme wa upepo
Huduma hii ya mtandaoni, ambayo humwezesha mkazi wa jimbo lolote la Marekani kumtambua mbunge wake wa jimbo kwa kujaza anwani tu, kisha kumtumia barua ya kuunga mkono umeme wa upepo, ni nyepesi na ya haraka. Udhaifu wake, nao si mdogo, ni barua iliyoandaliwa tayari: inazungumzia tabianchi kwa jumla, bila kutaja pango la ardhi wanalolipwa wakulima wenye mitambo ya upepo mashambani mwao wala mapato ya kaunti. Iandike upya, na uitaje Iowa, jimbo lililopitisha sheria ya nishati jadidifu mwaka 1983 na ambalo sasa hupata zaidi ya nusu ya umeme wake kutokana na upepo. Naipa nyota nne kati ya tano.